Picha Bila Nguo za Jumapili

Kwembago, Mlalo
3 Machi 1955

Ndugu yangu Tobia,

Mama anakusalimu kwanza, maana amenikalia hapa na hataki nianze na jambo jingine kabla ya salamu zake. Hajambo. Mguu unamsumbua kwa baridi, ila mdomo mzima kabisa.

Sasa yangu mimi dada yako. Jana alikuja mtu hapa, mtamu wa maneno, kanzu ameikunja kiunoni kwa sababu ya tope. Akasema anaitwa Zahoro, mtu wa Tanga, ana duka la picha huko Lushoto, na kwamba wewe Tobia umemtuma atupige picha. Nikamwambia karibu, kaa, tukavae. Akasema hapana, msivae! Endeleeni na kazi zenu kama mlivyo, mimi msinione.

Tobia, nimeishi miaka arobaini na moja. Sijasikia mpiga picha anayekataza watu kuvaa. Harusi ya ndugu yetu Yudith tulipigwa picha, mchungaji alitungoja hadi viatu vikakauka. Huyu anataka nini na kanga yangu iliyotoboka? Mama yuko chini anapukuchua mahindi, miguu ameinyoosha, kopo la ugoro liko wazi pembeni yake. Hiyo ndiyo picha ya kumpelekea mtu?

Na kamera yenyewe haina hata miguu mitatu. Kidude kidogo kinaning'inia shingoni, unadhani ni kibuyu. Nikamtazama anavyosogeasogea, mara huku mara kule, nikaona hatafuti sura zetu. Anatafuta tulipokaa na kilicho nyuma yetu. Na nyuma yetu kuna nini? Kuna shamba langu la mteremkoni, ambalo halina tuta hata moja, na wewe unajua, na ofisini kwenu mnajua amri ya matuta inasemaje: kila mteremko uchimbwe matuta, udongo usichukuliwe na mvua, au jela. Mwaka jana Mzee Abrahamu, jirani yetu, alikataa kuchimba, akakaa jela wiki mbili, akarudi na kikohozi ambacho hakijamwacha hadi leo. Hapa kwangu Bwana Shamba hajapanda kamwe kwa sababu kilima kinamshinda. Picha haishindwi na kilima.

Nikachukua ungo nikaziba kile kioo chake, nikamsindikiza hadi njiani.

Sasa niambie ukweli. Wewe ni karani wa kilimo. Nani amemtuma yule mtu, ni wewe au ni bwana wako?

Dada yako,
Yunis

*

Lushoto
9 Machi 1955

Dada yangu Yunis,

Shikamoo. Na mama umpe shikamoo yake.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza nikacheka, ya pili nikaumia. Ni mimi niliyemtuma Zahoro, mimi peke yangu. Bwana Shamba hata hajui kama nina mama. Mimi ofisini napiga taipu tu, dada. Sipimi shamba la mtu.

Nikueleze kwa nini. Ile picha ya harusi ya Yudith ninayo hapa ukutani. Mama amesimama kama nguzo ya kanisa, mikono kwenye mapaja, macho yamemtoka kana kwamba anasomewa hukumu. Mwaka wa pili huu sijapata likizo. Nikiitazama ile picha simwoni mama yangu, namwona mtu aliyeazima viatu vya kubana. Mimi nataka mama wa kila siku. Nataka nimwone akipukuchua, ugoro ukiwa pembeni, wewe ukimgombeza. Zahoro alipiga picha kama hizo kwa ndugu zake Tanga. Nilipoziona nilijua nataka na mimi.

Atakuja tena Jumamosi ya tarehe 26. Tafadhali msimfukuze. Kaeni nje penye mwanga.

Jambo jingine, nakuomba kama mdogo wako: chimba matuta japo mistari michache. Mwaka huu hawatanii.

Ndimi mdogo wako,
Tobia

*

Kwembago
14 Machi 1955

Ndugu Tobia,

Nimekuelewa. Mtu wako aje. Nikikataa mara ya pili mtasema nina ninachokificha.

Mwambie asipande njia ya kwetu, imebomoka kwa mvua. Nitamngoja mwenyewe pale kijitoni, nimpitishe ninapopajua mimi.

"Kaeni nje penye mwanga." Haya. Tutakaa.

Yunis

*

Duka la Picha, Lushoto
2 Aprili 1955

Kwa Bibi Yunis,

Baada ya salamu na heshima, nakushukuru kwa uji na kwa kunivusha kijito. Mara ya kwanza uliniaga kwa ungo, mara ya pili kwa kikombe. Mwenyezi Mungu ndiye ageuzaye nyoyo.

Picha zimetoka. Kuna moja, bibi, katika miaka kumi na minne ya kazi hii sijapata kupiga nyingine kama hiyo. Mama yako amekaa juu ya tuta, hindi mkononi, kichwa amekirusha nyuma anacheka, meno mawili yote yanaonekana. Wewe umeinama unamfunga kilemba na umekasirika. Nyuma yenu matuta yanashuka mstari kwa mstari kutoka kwenye migomba. Nimempa Bwana Tobia nakala yake, akaikodolea macho hadi machozi yakamlenga. Nyingine nimeikuza nikaiweka dirishani mwa duka, kila apitaye anasimama.

Lakini nina neno, na uniwie radhi. Riziki yangu iko machoni, na uwanja ule haukuwa ule wa ungo. Ulipotaka kunipa kikombe ulifungua vyungu vitatu kabla hujakiona. Mama yako alipoona mbuzi aliuliza, "Huyu wa nani?" Na yule mwanamke mwembamba, uliyemwita jirani Marta, alisimama mlangoni muda wote mkono kwenye komeo, kama mwenye mali anayechunga wageni. Nilipomwomba akae nanyi kwenye picha alikimbilia ndani.

Sikumwambia Bwana Tobia kitu. Yeye ameyaona matuta, akasema, "Dada amenisikia," akafurahi, basi. Nauliza kwa ajili yangu mimi tu. Mimi ni mtu wa pwani, mgeni huku milimani, sipendi kuingizwa katika jambo nisilolijua. Je, pale palikuwa kwako?

Wako katika heshima,
Zahoro bin Kibwana

*

Kwembago
7 Aprili 1955

Bwana Zahoro,

Kazi yako ni kupiga picha, si kuhesabu vyungu vya watu.

Hiyo picha itoe dirishani. Leo hii. Usingoje kesho, usimuulize Tobia. Ukishaitoa nitumie mimi, nitaichoma au nitaiweka, ni yangu.

Yunis

*

Lushoto
7 Aprili 1955

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo! Kaa chini kabla ya kusoma.

Juzi Bwana Shamba alipita nje ya duka la Zahoro akaiona picha yenu. Akasimama. Akaingia ndani akauliza hawa ni nani, Zahoro akajing'ata ulimi, akasema ni wateja tu. Mimi nilikuwa hapo hapo. Sikuweza kunyamaza, dada. Nikasema, "Ni mama yangu na dada yangu, wa Kwembago." Akanipa mkono! Mwaka wa tatu nafanya naye kazi, hajawahi kunipa mkono.

Akasema, hiki ndicho anachokitafuta. Karatasi zote za amri na michoro zimeshindwa kuwaambia watu, lakini mama mzee anayecheka juu ya matuta yake kila mtu atamwelewa. Amechukua nakala kubwa ishirini. Zitabandikwa kwenye mabaraza na masoko, kuanzia huko Mlalo hadi Mombo. Maneno ya chini nimeyapiga taipu mimi mwenyewe: "Zipora na bintiye Yunis wa Kwembago wanafurahia matuta yao. Na wewe je?"

Ulikuwa na wasiwasi kwamba picha itakupeleka jela. Umeona sasa? Itakulinda. Hakuna askari atakayekanyaga kwako tena.

Mwambie mama amekuwa mtu mashuhuri.

Tobia

*

Kwembago
27 Aprili 1955

Tobia,

Nimengoja siku hizi zote ili nisikuandikie matusi. Nimeshindwa kungoja zaidi, utayapata yaliyobaki.

Jumamosi kabla ya Pasaka nilikwenda soko la Mlalo na kapu la maharage. Nikaona watu wamejaa ukutani pa baraza. Nikasogea. Mwalimu Nathanaeli alikuwa akiwasomea wasiojua kusoma, kwa sauti, neno kwa neno. "Wanafurahia matuta yao. Na wewe je?" Nikaona kilemba cha mama. Wakageuka, wakaniona mimi.

Wewe umeondoka siku nyingi, hujui. Mwezi wa pili wanawake wote wa Kwembago tulikutana, tukaapa. Hakuna atakayechimba tuta. Wakitupeleka barazani twende wote, wakitufunga watufunge wote, maana jela haitutoshi. Na atakayevunja asisaidiwe kulima, asipewe moto, akifiwa azike mwenyewe. Aliyesema kwa sauti kubwa kuliko wote ni mimi. Mimi, Tobia! Niliwaambia bora mikono inyauke.

Hakuna aliyenitukana. Walinipisha njia tu, hivi, kama unavyompisha mwenye ndui. Na wa kwanza kunigeuzia mgongo alikuwa Marta.

Sasa sikia kilichopo, uone ulichofanya. Lile shamba si langu. Sina tuta hata la kupandia kitunguu. Niliogopa mtu wako, nikaona njia ni kumpiga chenga: kama anatafuta shamba lisilo na matuta, nimpe lenye matuta. Lile ni la Marta, kule bondeni nyuma ya migomba, ambako hakuna njia ipitayo. Amechimba kwa siri, alfajiri, kidogo kidogo. Hata Abrahamu mumewe hajui, kifua hakimruhusu kushuka kule. Mimi nilijua kwa sababu tunateka maji pamoja, nikaona mikono yake. Nilimwomba siku moja tu ya uani na shambani kwake, Abrahamu alipokwenda kwa mganga wa misheni. Akakubali kwa shida. Nikamwambia, ni picha ya kumpelekea mdogo wangu, nani mwingine ataiona?

Nani mwingine ataiona!

Kwa mama haji mtu kumtembelea. Wenzake wa kwaya wanapita na vitabu vyao vya nyimbo, anawaita, hawaitiki. Jana aliniuliza amefanya kosa gani. Nikaenda kulia nyuma ya zizi.

Kikulacho ki nguoni mwako. Nilidhani ni yule mtu wa Tanga, kumbe ni mtoto niliyembeba mgongoni. Ulilitaja jina langu ili upewe mkono.

Yunis

*

Lushoto
4 Mei 1955

Dada,

Shikamoo. Sijui nianzie wapi. Ni kweli, nililitaja jina lako kwa kujivuna. Nilitaka yule bwana ajue kwamba na mimi nina watu. Nisamehe. Wala Zahoro hana hatia, alipopata barua yako aliitoa picha dirishani siku ile ile, na tangu hapo ananipa salamu ya nusu mdomo.

Sikujua habari ya kiapo. Sikujua shamba ni la nani. Niliona matuta nikafurahi, sikutazama zaidi. Picha niliyoililia machozi, kumbe hata uwanja sikuutambua.

Usilie tena nyuma ya zizi. Niachie mimi. Nitarekebisha.

Tobia

*

Kwembago
12 Mei 1955

Tobia,

"Nitarekebisha." Neno hilo limeninyima usingizi tangu jana lilipofika. Utarekebisha nini, na kwa nani? Barua hii nampa dereva wa lori la mboga mkononi mwake. Ukiipata acha chochote unachofanya, uisome.

Usiseme neno kwa mtu. Katika hasira niliandika jina la Marta, na sikukuambia ulifiche, kwa kuwa sikudhani mtoto wa mama yangu anahitaji kuambiwa hilo. Sasa nakuambia.

Wiki iliyopita wanawake walituma ujumbe kwamba watakuja kuliona shamba langu kwa macho. Nilifurahi kwanza. Nikasema waje, waone hakuna kitu, nitakasike. Halafu nikakaa nikawaza. Wakikuta hakuna tuta, watauliza: basi yale ya kwenye picha ni ya nani? Wataanza kuzunguka. Kwembago si kubwa. Kabla ya jua kutua watakuwa nyuma ya migomba ya Marta.

Unajua Abrahamu ni nani hapa siku hizi? Akikohoa kanisani watu wanasimama kumpisha akae. Wanaume wanaokwenda barazani wanapitia kwake awawekee mikono. Yule mzee kilichobaki mwilini mwake ni lile jina tu, kwamba alikataa na hakuinama. Na Marta alichimba kwa nini? Ili wakija kukagua wasimchukue mzee mara ya pili, maana hatarudi. Akijua kwamba yuko nje kwa sababu mkewe aliinama kwa ajili yake, atakufa kabla ya jela kumuua. Na Marta atazikwa na nani?

Basi nimechimba, Tobia. Mimi. Siku tano, mvua ikinyesha, kutoka juu penye miti ya miwati hadi chini. Mama alikaa juu ya gunia akinielekeza mistari na kunisema kwamba napindisha. Mikono imepasuka, kalamu naishika kwa kitambaa, ndiyo maana mwandiko huu.

Jana wamekuja, kumi na wanane. Wamesimama pale juu wakatazama. Niliwaambia ndiyo, ni mimi, nimechoka kuogopa, nimechimba. Udongo mbichi kabisa, mtu mwenye macho angejua ni wa wiki hii, lakini walikuja wakitaka kuamini na wakaamini. Rafiki yangu Tatu alitema mate chini. Marta alikuwa katikati yao. Alitazama mikono yangu, akatazama shamba, halafu akatema mate na yeye. Ilimbidi. Tobia, niliumia kuliko siku ya soko, na papo hapo nikataka kumwambia umefanya vema.

Sasa mambo yametulia. Mimi ndiye niliyevunja kiapo, imekwisha. Nitalima peke yangu, nitakoka moto wangu mwenyewe. Watu huchoka kuchukia, mwaka mmoja, miwili. Mama nimemweleza yote, akasema kama ni hivyo atakuwa anaimba kwaya nyumbani, na kweli anaimba, anaharibu.

Kwa hiyo acha picha ibaki ukutani na jina langu lilivyo. Usiende kwa bwana wako. Usimwambie hata Zahoro. Ukitaka kunisaidia, kaa kimya.

Dada yako,
Yunis

*

Lushoto
12 Mei 1955

Dada yangu Yunis,

Shikamoo. Barua yako mpya sijaiona, labda umeninunia bado, una haki. Lakini leo futa machozi, na mama mwambie atandike mkeka, wenzake wa kwaya watarudi.

Asubuhi hii niliingia kwa Bwana Shamba, nikamwambia ukweli wote. Kwamba maneno ya chini ya picha si kweli, kosa ni langu, dada yangu Yunis hana tuta hata moja na hakuvunja ahadi na mtu. Nilidhani atanifukuza kazi. Alikasirika kidogo, kisha akauliza, basi shamba lile zuri ni la nani? Nikamwambia ni la Marta, mke wa Mzee Abrahamu.

Dada, yule bwana aliruka kutoka kitini! "Abrahamu yule tuliyemfunga?" Akasema hii ni bora mara kumi kuliko ya kwanza. Nimepiga taipu maneno mapya yenye jina lake Marta na la mumewe, nakala ishirini, zimeondoka na lori la saa sita, na leo hii hii zinabandikwa. Jina lako limetoka kabisa.

Tena kuna zawadi. Kesho kutwa anapanda mwenyewe Kwembago, pamoja na askari wawili wa kubeba mizigo, kumkabidhi Marta jembe jipya mbele ya mumewe na mbele ya watu wote. Mimi nimepewa ruhusa nije naye kama mkalimani, na Zahoro analetwa na kamera yake. Ameambiwa asimpange mtu, awapige vile vile walivyo, siku hiyo uani kwao.

Hatimaye nakuja nyumbani.

Mdogo wako akupendaye,
Tobia